Pete Zilizobaki Msumarini

Nina habari, na nisipoitoa nitapasuka. Ni habari ya pete, misumari, na miguu ya mama yangu. Kawaida yangu naanza habari kwa mkia, watu wanabaki wameduwaa. Leo nitajikaza nianze na kichwa. Twende kwanza kazini kwa Mama.

Mama yangu anapiga pasi. Ndiyo kazi yake tangu mimi sijajua kutambaa. Yupo kwa dobi mmoja, kwenye chumba kirefu chenye paa la bati na dirisha moja. Ndani kuna meza tatu za kupigia pasi. Ya dirishani ni ya Mama. Ya katikati ni ya mwanamke anayeitwa Redio, kwa sababu akiwashwa asubuhi anazimika jioni. Mbele yake namwita mama mdogo. Nyuma yake namwita Redio kama wengine, na anajua. Meza ya tatu, ile ya mlangoni, ilikuwa ya mwanamke tuliyemwita Kimya. Kimya alifariki miaka miwili iliyopita. Meza yake sasa inawekewa foronya.

Shuka za hosteli, sare za wauguzi, vitambaa vya meza vya ukumbini, vyote vinapita pale. Pasi zinawashwa saa mbili asubuhi. Zinazimwa saa kumi na moja jioni. Muda wote huo Mama amesimama. Kiti kipo, ila kimejaa nguo. Msimu wa joto ukifika, bati linachoma juu, pasi inachoma chini, na mtu yupo katikati anaiva taratibu.

Hapo ndipo pete zinapoingia. Kila msimu wa joto, vidole vya wapiga pasi vinavimba. Mwaka mmoja pete ya Redio ilimbana mpaka kidole kikawa cha bluu, akaenda kukatiwa kwa fundi baiskeli, baadaye ikaungwa. Anavyoisimulia, utadhani alikatwa mkono. Tangu siku ile wakajiwekea utaratibu. Joto likianza tu, kila mmoja anaivua pete yake kwa sabuni na kuitundika msumarini, ukutani juu ya meza yake. Mvua zikija, hewa ikipoa, vidole vinanywea na pete inarudi kidoleni. Wana hata lugha yao. Wanasema pete zimepanda, pete zimeshuka.

Pete ya Mama ni ya Baba, yaani Baba ndiye aliyemvisha. Baba hayupo tena. Kwa hiyo Mama akiipandisha huwa anaipangusa kwanza, na akiishusha anainusa. Redio humwambia, "Dada, hiyo ni pete, siyo mchuzi."

Pete moja haikushuka. Ya Kimya. Ilipanda pamoja na za wenzake. Mvua zikaja, za wenzake zikashuka, yeye bado kavimba. Wakasema joto la mwaka ule lilimkolea. Akaendelea kupiga pasi. Siku moja hakuja. Siku ya tatu tulikuwa makaburini. Mumewe alisema ataifuata ile pete, lakini hajawahi kuja, na hakuna mwenye moyo wa kuigusa. Ipo palepale, imeshika vumbi.

Sasa niwaambie habari ya jagi. Bosi wa pale alirithi duka kwa baba yake, na pamoja na duka alirithi imani moja. Mtu akitoka jasho, chumvi inamtoka, kwa hiyo lazima arudishiwe. Kila asubuhi Bosi anachukua jagi kubwa la plastiki, anajaza maji, anatia vijiko vitatu vya chumvi, anakoroga kwa mkono wake mwenyewe. Saa nne kila mpiga pasi anakunywa kikombe. Saa tisa kingine. Anafanya hivyo kwa mapenzi kabisa. Mtu mbaya hakorogei watu maji miaka kumi na moja.

Mimi nilirudi likizo kutoka chuoni katikati ya joto. Nasomea kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Siyo udaktari, tuelewane. Lakini siku nilipompelekea Mama chakula, Redio aliweka pasi chini akanigeukia.

"Msomi," akasema, "hebu tuambie. Kwa nini tunavimba?"

Na mimi, jamani, nikajibu. Nikasema kila kitu kikipata joto kinatanuka. Nikawatajia reli, jinsi wanavyoacha nafasi kati ya chuma na chuma. Nikawatajia nyaya za umeme zinavyolegea mchana. Nikasema mwili nao ni hivyohivyo, joto likiisha unarudi. Nilikuwa nimesimama pale na bakuli mkononi kama nahutubia. Mama aliniangalia kama vile nimeshinda kitu. Wiki nzima akawa anawaambia wateja: mwanangu anasema ni kama reli.

Mvua zikaja. Pete ya Redio ilishuka wiki ya kwanza. Mama alijaribu yake kwa sabuni. Ikafika kwenye kifundo cha kidole, ikagoma. Akairudisha msumarini. Nilipomuuliza akasema joto lake bado halijatoka.

Wiki ya pili ikapita. Asubuhi Mama aliamka na macho yamejaa, kope zimetuna kama mtu aliyelia. Nilidhani kweli alilia, nikanyamaza. Viatu vyake vikakataa kuingia. Akatoa vya Baba kutoka chini ya kitanda, akachomoa kamba, akavivaa. Redio alipomwona akasema leo marehemu kaja kazini. Mama alicheka. Alicheka kidogo, kisha akashika meza, maana pumzi ilikuwa haitoshi.

Magoti yalikuwa yanamuuma, kwa kusimama. Kwa hiyo kila siku alimeza vidonge vya maumivu vya dukani, kimoja asubuhi na kimoja jioni, tangu mwaka jana. Na kwa kuwa aliona mwili umejaa maji, akaamua kupunguza kunywa maji. Maji safi akaacha. Jagi la chumvi hakuacha, kwa sababu jagi lile kwake lilikuwa dawa.

Kuna siku aliniuliza jambo. Aliuliza kwa nini chooni kunakuwa na povu akimaliza haja ndogo, kama mtu kamwaga sabuni. Nilikuwa napiga mswaki. Nikamwambia labda ni maji ya kufulia. Hata sikugeuka.

Wiki ya nne nilimwambia twende kituo cha afya. Hakutaka. Nilidhani anaogopa kazi itampita. Haikuwa hivyo. Alikaa kitandani, miguu imening'inia kama mizigo, akanijibu taratibu.

"Nikienda, nitaambiwa nina kitu. Nisipoenda, nina joto tu."

Nje mvua ilikuwa inanyesha. Tulikuwa tumejifunika shuka mabegani kwa baridi.

Aliyetutoa pale ni Sista. Ni muuguzi, jirani yetu wa nyumba ya nne, na sare zake zinapigwa pasi na Mama. Ni mtu wa maneno machache, na mengi kati ya hayo machache ni ya kukutania kwa uso mkavu. Alikuja kuchukua sare asubuhi moja, wiki ya tano ya mvua. Nami nilikuwepo, nakunja foronya kwenye meza ya Kimya. Sista alisimama kusubiri, macho yakapanda ukutani. Akaona pete mbili.

Akauliza ile yenye vumbi ni ya nani. Redio akamwambia. Akauliza na hii inayong'aa. Mama akasema ni yake, joto bado linamsumbua. Sista akatazama dirishani, mvua ilivyokuwa inapiga. Akavuta kiti, akamwaga nguo zilizokuwa juu yake sakafuni, nguo zilizokwishapigwa pasi, na Bosi akiona. Akamkalisha Mama.

Alipiga magoti akamvua kiatu cha Baba. Akaweka kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, kwenye mfupa, akabonyeza na kuhesabu kimoyomoyo. Alipotoa kidole, shimo likabaki. Lilibaki kama umebonyeza unga uliokandwa. Tulilitazama wote. Halikujaa upesi.

Redio naye, kwa kutaka kusaidia, akasema msomi wetu alishaeleza, mwili unatanuka kama reli.

Sista akageuza kichwa akaniangalia. Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia.

"Reli haina figo," akasema.

Basi akaanza kutueleza, bado amepiga magoti, kiatu cha Baba mkononi. Alisema joto kweli linavimbisha watu, wala si uongo. Mwili ukipata joto, mishipa ya damu inafunguka ili joto litoke. Maji kidogo yanavuja kutoka kwenye mishipa na kukaa nyamani. Mtu akisimama kutwa, maji hayo yanashuka chini, ndiyo maana vifundo vya miguu vinavimba. Vidole vya mikono navyo vinajaa. Lakini uvimbe wa joto una tabia yake. Unakuja miguu yote miwili sawasawa. Ukilala na kuinua miguu, asubuhi umepungua. Hewa ikipoa, unaondoka.

"Usipoondoka," akasema, "usiulaumu joto tena. Joto limeshaenda zake."

Akaanza kumuuliza Mama maswali. Dawa gani anameza? Mama akataja vidonge vya magoti. Sista akafumba macho kidogo. Akasema aina nyingi za dawa za maumivu zinafanya mwili ushike chumvi na maji, zinapandisha presha, na zikimezwa kila siku bila kuulizia zinaweza kuumiza figo. Akasema zipo na dawa za presha zinazovimbisha vifundo vya miguu. Hizo mtu hatakiwi kuziacha mwenyewe, anamrudia aliyempa na kumwambia. Akauliza chumvi. Hapo Redio akaelekeza jagi kwa kidevu.

Sista akamimina tone mkononi, akaonja, akatema kwenye leso. Akamuuliza Bosi ni nani anakoroga. Bosi akasema ni yeye. Sauti ilikuwa imeshuka. Akaeleza mambo ya jasho, jinsi baba yake alivyomfundisha. Sista akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia jasho lina chumvi, ndiyo, lakini kwa kazi kama hii chakula cha kawaida kinairudisha. Hii ya jagi inazidi. Na chumvi ikizidi inashika maji mwilini, na presha inapanda kimyakimya bila kubisha hodi.

Swali la mwisho Sista aliliuliza kwa sauti ndogo. Mkojo una povu? Mama akasema ndiyo. Akasema alimuuliza mwanawe. Hakunitazama. Mimi nilikuwa nakunja foronya moja kwa mara ya sita.

Kisha Mama akainua macho kwenye ile pete nyingine.

"Na Kimya?" akauliza.

"Sikumpima," Sista akasema. "Siwezi kusema nisichokijua."

Redio akaizima pasi yake.

Tulikwenda siku ileile. Bosi mwenyewe alizima pasi ya Mama. Kituo cha afya walimpima presha, ikawa juu sana. Walichukua mkojo, wakachovya kijiti, rangi ikabadilika; wakasema figo zinavujisha protini, ndiyo lile povu. Wakatupeleka hospitali kubwa. Huko walichukua damu, na Mama akalazwa siku tisa. Nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda chake nikihesabu vigae vya ukutani. Siku ya nne daktari alituambia. Figo zimechoka. Presha ilikuwa imepanda muda mrefu bila yeye kujua, na dawa za maumivu na chumvi vimezidisha. Kilichoharibika hakitarudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa.

Nilimfuata daktari koridoni. Nilimuuliza, kama angekuja mvua zilipoanza, je? Alikuwa ameshika faili mbili. Akaangalia faili, akaniangalia.

"Amekuja," akasema. "Wengi hawaji."

Hilo ndilo jibu alilonipa, na nimelibeba mpaka leo. Ningesema tu sijui. Ni neno dogo, hata wanafunzi wangu wa siku ya kwanza wanaliandika. Siku Redio aliponiuliza kwa nini tunavimba, ningesema sijui, tumuulize Sista.

Mama alirudi nyumbani na mfuko wa dawa. Anazimeza kila siku, hata akijisikia vizuri. Kila mwezi anapimwa. Vidonge vya dukani hagusi mpaka aulize. Chakula chake kina chumvi kidogo mno, na mwanzoni alisema kina ladha ya ukuta. Maji anakunywa kwa kipimo alichopewa na daktari, kwa sababu figo za kila mtu zina hesabu yake. Zisizo na shida zinataka maji ya kutosha, hasa wakati wa joto. Uvimbe ukapungua kidogo kidogo. Macho yakarudi kuwa macho yake.

Kazini alirudi baada ya miezi miwili, nusu siku tu, na anakaa. Kutwa hawezi tena. Hilo limekwisha.

Lakini chumba kile kimebadilika. Bosi alilimwaga jagi siku ileile tulipoondoka. Redio ananiambia alilisugua kwa mchanga mara tatu, halafu akakaa nalo mapajani mpaka jioni. Sasa lina maji matupu. Nguo zimeondolewa kwenye viti. Kila saa pasi zinawekwa chini, watu wanatembea mpaka kwenye kamba za nje na kurudi, kisha wanakaa kidogo na miguu juu ya bunda la shuka. Redio alikwenda kupimwa. Yeye hana kitu, ni joto tu na kusimama, na anatembea na karatasi ya majibu kama cheti cha ndoa.

Na pale ukutani kuna kipande cha boksi. Sista alisema maneno, mimi nikaandika kwa herufi kubwa. Redio ndiye aliyesoma wa kwanza. Alianza kujifunza kusoma na mimi likizo hii, na alilisoma lote kwa kidole, bila kusaidiwa, akiwa hajazungumza na mtu kwa dakika nzima. Kipande chenyewe kinasema hivi:

PETE ISIPOSHUKA WIKI YA PILI YA MVUA, MWENYEWE AENDE KUPIMWA.

MGUU MMOJA TU UKIVIMBA NA KUUMA, AENDE LEO. HUENDA DAMU IMEGANDA NDANI YA MSHIPA.

UVIMBE PAMOJA NA PUMZI FUPI AU KIFUA KUUMA, AENDE SASA HIVI.

MAMA MJAMZITO AKIVIMBA USO AU MIKONO, AU KICHWA KIKIMUUMA SANA, AU MACHO YAKIONA UKUNGU, AENDE SASA HIVI.

MACHO KUVIMBA ASUBUHI, AU MKOJO WENYE POVU, USISEME NI SABUNI.

Mstari wa mwisho niliuomba mimi.

Sasa habari yenyewe iliyonileta. Jana pete ya Mama ilishuka.

Alipanda kwenye kiti, akaitoa, akaipangusa. Akaivaa. Haikuhitaji sabuni. Ilipita kifundo cha kidole bila kugusa, ikaanguka mpaka chini ya kidole, na alipoinamisha mkono ikamtoka ikabingirika chini ya meza. Tukaitafuta kwa magoti, mimi na Redio. Maji yamemtoka, na nyama nayo imempungua. Alichukua uzi mweupe wa kushonea vifungo, akauzungusha kwenye pete upande wa ndani, mara nyingi, mpaka ikakaa. Kisha akainusa.

Redio alifungua mdomo, akaufunga.

Halafu Mama akapanda tena kwenye kiti, akaishusha na ile nyingine. Aliiosha kwa maji ya jagi. Akaifunga kwenye leso, akaniambia nimsindikize.

Mume wa Kimya anakaa chumba kimoja nyuma ya ghala. Alitukaribisha, akatupa ndoo na kiti vya kukalia. Mama akampa leso. Aliifungua, akaiangalia pete muda mrefu, akaijaribu kwenye kidole chake kidogo. Haikuingia. Mama akamweleza yote, polepole, kuhusu joto na jagi na figo, na kwamba hakuna anayejua kwa hakika Kimya alikuwa na nini, kwa sababu hakuna aliyempeleka kupimwa.

"Mlisema ni joto," yule mzee akasema.

"Tulisema," Mama akajibu.

Hakututukana. Alitusindikiza mpaka njiani, leso mkononi, akasimama pale hata tulipokata kona.

Tulirudi kwa miguu. Jua lilikuwa linaanza kuwa kali tena. Mama alipumzika mara mbili, mara moja kwenye ngazi za duka, mara moja kwenye ukuta wa shule. Mara ya pili niliinama nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, juu ya kifundo, kama Sista alivyofanya. Nikahesabu. Nikatoa kidole. Hakukuwa na shimo.

"Twende," Mama akasema.

Akanyanyuka. Alikuwa amevaa viatu vyake mwenyewe.